Mja Mzito na Tumbaku: Je, Sigara ya Umeme Ndiyo Dhara Dogo?

Tumeulizwa suala hili: Mwanamke aliyezoea sigara au shisha, kisha akashika mimba, je, yatosha aitupe sigara na kushika ile sigara ya umeme ambayo vijana huiita vepu? Wako wasemao kuwa ule ni mvuke mtupu wa maji na matunda, hauna neno. Na wako wasemao kuwa vyote ni kimoja, na aliyetoka katika moshi akaingia katika mvuke hakutoka popote.

Sisi twaona kauli zote mbili zimepita mpaka, na kila moja ina mtu itakayemdhuru. Ya kwanza itamdhuru msichana asiyevuta kitu, akishawishiwa avute kwa kuwa hakuna ubaya. Ya pili itamdhuru mvutaji wa miaka mingi, akikata tamaa na kuirejea sigara yake na mimba i tumboni. Kwa hivyo tumeona tulisome suala hili kwa utaratibu: kwanza tujue moshi wafanya nini, kisha mvuke wafanya nini, kisha tupime, kisha tuseme njia ya kutoka.

Atasema msemaji: Suala hili haliwahusu wanawake wetu, wanawake wa mwambao hawavuti. Twamjibu: Lau ingekuwa hivyo tungeshukuru na kunyamaza. Lakini hesabu iliyofanywa Kenya nzima mwaka 2014 ilikuta kuwa katika kila wanaume wazima 1,000, 191 hutumia tumbaku, na katika kila wanawake wazima 1,000, 45 huitumia, na wengi wa wanawake hao ni wa kutafuna na kunusa. Tena sote twajua tumbaku itiwayo katika tambuu, na twajua shisha inayozungushwa katika mikusanyiko. Na vepu haitoi harufu ya kumfichua mwenyewe. Humaliza siku nzima katika mkoba, wala mama wala mume asijue. Kunyamaza kwetu hakukuwazuia wanawake kutumia. Kumewazuia kusema tu, na asiyesema hapati msaada.

I. Moshi wafanya nini tumboni

Mtoto aliye tumboni havuti pumzi kwa mapafu yake. Hewa yake humjia katika damu, kwa njia ya kondo la nyuma na kamba ya kitovu. Chochote kilicho katika damu ya mama kikaweza kupenya kondo hilo humfikia mtoto, akitaka asitake.

Moshi wa tumbaku una vitu vingi, maelfu kwa hesabu ya wataalamu. Kwa darasa hili tutataja viwili.

Cha kwanza ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Ndiyo ile gesi ya jiko la makaa lililofungiwa chumbani, iwauayo watu usingizini. Chembe nyekundu za damu zimeumbwa kubeba oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ituwekayo hai. Gesi hii huzishika chembe hizo kwa nguvu ipitayo ya oksijeni zaidi ya mara 200. Chembe iliyokwisha kushikwa nayo ni kama jahazi lililojazwa mchanga: hufika bandarini, lakini halina shehena ya kushusha. Na damu ya mtoto huikusanya gesi hii kuliko damu ya mama yake. Basi huenda mama asihisi ila kizunguzungu kidogo, na kumbe mtoto amebaniwa pumzi.

Cha pili ni nikotini. Hii ndiyo imfanyayo mvutaji kuwa mateka. Huibana mishipa ya damu, hupenya kondo, na kiasi chake kwa mtoto huweza kupita kile kilichomo katika damu ya mama. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2014 ilikata shauri kuwa nikotini yenyewe huacha athari ya kudumu katika ubongo wa mtoto unaokua tumboni, na kwamba ni miongoni mwa sababu za kuzaa kabla ya miezi kutimia na kuzaa mtoto mfu. Shika neno hili, ndugu msomaji, kwani ndilo tutakalolirejea tutakapofika kwenye vepu.

Matokeo ya vitu hivi na vyenziwe yanajulikana: mimba kuharibika, kondo kubanduka kabla ya wakati wake, kuzaa njiti, kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, kuzaa mtoto mwenye mdomo wa sungura, na mtoto kufa ghafla usingizini katika miezi yake ya mwanzo.

Na haya hayakujulikana jana. Mwaka 1957 daktari mmoja wa California, Winea Simpson, alichapisha hesabu ya uzazi wa wanawake zaidi ya 7,000, akaonyesha kuwa wavutao huzaa njiti mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Mwezi wa Machi 1958 zilihesabiwa khabari za watoto kiasi cha 17,000 waliozaliwa katika wiki moja Uingereza, Uskoti na Welisi. Wataalamu Butler, Goldstein na Ross walipozichambua khabari hizo na kuzichapisha mwaka 1972, walikuta kuwa kuvuta baada ya mwezi wa nne wa mimba hupunguza uzito wa mtoto kwa gramu 170, na huzidisha vifo vya watoto, wa karibu na kuzaliwa na wa siku za mwanzo, kwa asilimia 28.

Lakini katika hesabu hiyo hiyo mna bishara. Walikuta kuwa mama aliyeacha kabla ya kwisha mwezi wa nne, khatari yake hushuka ikawa kama ya mama asiyevuta. Maana yake mlango haujafungwa. Anayesema, "Nimekwisha kuvuta miezi miwili, lililoharibika limeharibika," amejinyima rehema iliyo wazi mbele yake. Wala aliyefika mwezi wa saba asidhani kuwa hana faida ya kuacha: gesi ile hutoka katika damu kwa siku moja au mbili, na miezi ya mwisho ndiyo mtoto aongezapo uzito kwa wingi.

Wako wanawake wa nchi mbalimbali waliosema: Mtoto mdogo ni mwepesi kuzaliwa, basi na tuvute. Hili ni kosa kubwa. Udogo huu ni udogo wa aliyenyimwa hewa na chakula. Na mtoto wa namna hiyo akizaliwa ni dhaifu wa kupumua, dhaifu wa kunyonya, na mwepesi wa kuugua. Uchungu alioutafutia mama wepesi siku moja, hulipwa kwa mikesha ya miezi.

II. Tambuu na shisha

Huenda dada akasema: Mimi sivuti, mimi natafuna tu. Tambuu yenyewe, jani na popoo na chokaa, tusiizungumze leo. Twazungumza tumbaku itiwayo ndani yake. Mjini Mumbai, India, ambako tambuu ni desturi kama kwetu, wataalamu waliwafuata wanawake wajawazito 1,217, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Waliotumia tumbaku isiyo moshi walizaa watoto waliopungua uzito kwa gramu 105 kwa wastani, na kuzaa kabla ya miezi kutimia kulizidi kwao. Hapo hapana moshi, hapana gesi ya makaa. Na dhara lipo. Kwa hivyo moshi ni mlango mmoja wa dhara, na nikotini ni mlango wa pili.

Ama shisha, watu hudanganywa na maji yake. Hudhani kuwa moshi ukipita majini husafika, kama nguo. Maji huupoza moshi tu, ukawa laini kooni, na mvutaji akavuta zaidi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2005 kuwa mtu akikaa saa moja na shisha, moshi auvutao huwa kiasi cha mara 100 mpaka 200 ya moshi wa sigara moja. Na juu ya kichwa chake yako makaa, ambayo ndiyo mama wa gesi tuliyoitaja. Kwa mja mzito, shisha si nafuu ya sigara hata kidogo.

III. Mvuke wenyewe

Sasa tuje kwenye vepu. Ilibuniwa na mfamasia wa China aitwaye Hon Lik mwaka 2003. Ndani yake mna betri, na waya upatao moto, na kimiminiko. Mvutaji akivuta, waya huchemsha kimiminiko hicho kikawa mvuke, akaumeza kifuani.

Kwanza tuliondoe neno "mvuke wa maji." Kile si maji. Ni propilini glaikoli na gliserini, vilivyochanganywa na vitu vya ladha, na katika vingi vyao, nikotini. Na ladha ya embe au mnanaa iliyo salama tumboni haiwi salama mapafuni kwa sababu hiyo. Koo la chakula na koo la pumzi si njia moja. Tena wapimaji wa nchi zaidi ya moja wamekuta nikotini ndani ya chupa zilizoandikwa kuwa hazina nikotini. Basi asiyejua kisomwacho nje na kilichomo ndani asimwambie mja mzito, "Vuta hii, haina kitu."

Kisha tuseme haki kwa upande wa pili, kwani haki haina ukabila. Vepu haichomi jani. Panapokosekana kuchoma, ile gesi ya kaboni monoksaidi hukosekana au huwa chache mno, na lami ya tumbaku kadhalika. Hili ni tafauti ya kweli, wala haifai kulikanusha kwa kuwa tu hatuipendi vepu. Mwenye kutoka kabisa katika sigara akaingia katika vepu amemwondolea mtoto wake mojawapo ya maadui wawili tuliowataja. Lakini adui wa pili, nikotini, amekuja naye nyumba ya pili.

Je, limepimwa jambo hili kwa waja wazito? Ndiyo, limepimwa. Mwaka 2022 zilichapishwa khabari za uchunguzi uliofanywa Uingereza na Uskoti ukiongozwa na Profesa Peter Hajek wa London. Wajawazito wavutao 1,140 waligawanywa makundi mawili kwa kura: kundi moja likapewa sigara za umeme, na la pili likapewa vibandiko vya nikotini, yaani plasta itiwayo juu ya ngozi ikatoa nikotini kidogo kidogo. Walipofika mwisho wa mimba, walioacha kabisa sigara kwa uhakika ulioshuhudiwa na vipimo walikuwa asilimia 6.8 katika kundi la vepu, na asilimia 4.4 katika kundi la vibandiko. Tafauti hiyo ni ndogo, yaweza kuwa ni bahati tu. Walipowatoa katika hesabu wale walioacha kwa kutumia kifaa cha kundi jingine, ikawa 6.8 kwa 3.6, na hapo tafauti ikaonekana wazi zaidi. Watoto wenye uzito mdogo walikuwa asilimia 9.6 katika kundi la vepu na 14.8 katika kundi la vibandiko.

Zisome hesabu hizi kwa macho mawili. Jicho la kwanza laona kuwa vepu haikuwadhuru kuliko vibandiko, na iliwasaidia wachache kutoka katika sigara. Jicho la pili laona kuwa katika kila wanawake 100 waliopewa vepu, 93 hawakuacha sigara. Basi iko wapi dawa ya ajabu inayotangazwa? Na hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi: vepu ililinganishwa na vibandiko vya nikotini, tena kwa wanawake ambao tayari ni wavutaji. Haikulinganishwa na mwanamke asiyevuta chochote.

Vile vile husikika kuwa vepu ina dhara pungufu kwa asilimia 95. Neno hilo lilitolewa mwaka 2015 na idara ya afya ya umma ya Uingereza juu ya wavutaji kwa jumla, na wataalamu wengine wakaipinga hesabu hiyo mwaka ule ule. Halikusemwa juu ya mtoto aliye tumboni. Kulichukua neno la mtu mzima mwenye mapafu yaliyokomaa na kumvika mtoto ambaye ubongo wake wafumwa kila siku, ni kumvika kanzu isiyo yake.

Madaktari wa Uingereza humwambia mja mzito mvutaji kuwa vibandiko na dawa za namna hiyo ndizo za kutangulizwa, lakini akiwa vepu ndiyo imsaidiayo kuachana na sigara, basi ni afadhali kwake kuliko kuvuta. Chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani hakiikubali vepu kuwa njia ya kuachia. Wamekhitilafiana, lakini kwa jambo moja wote ni kauli moja: hapana hata daktari mmoja katika hao amwambiaye mja mzito asiyevuta, "Anza."

IV. Kanuni ya dhara dogo

Baadhi ya vijana wetu wenye kusoma husema: Mafakihi wametufunza kuwa yakikutana madhara mawili, huchukuliwa lililo dogo. Vepu ni dogo. Basi yafaa.

Kanuni ni sahihi, na matumizi yake hapa yana kasoro. Kanuni hii ni ya mtu aliyebanwa, hana njia ya tatu. Aliye ndani ya mashua inayozama hutupa shehena baharini ili aokoe roho. Lakini aliye nchi kavu akitupa mali baharini huitwa mpumbavu. Tuwapime basi wanawake wanne.

Wa kwanza havuti kitu. Huyu hana madhara mawili mbele yake. Ana usalama upande mmoja na dhara upande wa pili. Vepu kwake ni dhara tupu.

Wa pili ni mvutaji aliyeamua kuacha, na hajajaribu, au amejaribu mara moja. Njia ya tatu iko wazi kwake, nayo ni kuacha vyote. Huyu asikimbilie vepu kabla ya kugonga mlango ulio bora.

Wa tatu amejaribu kwa kweli, akasaidiwa, akashindwa, na bado yuko katika sigara. Huyu ndiye aliyebanwa. Kwake yeye, akiwa ataivuta vepu na sigara asiiguse tena, na daktari wake akijua, amechukua dhara dogo, wala hatumlaumu. Lakini kanuni humtaka asizidishe juu ya haja yake: nikotini ipunguzwe, na siku ya kutoka ijulikane. Daraja si mahali pa kujenga nyumba.

Wa nne huvuta vepu mchana mbele za watu, na sigara usiku. Huyu ndiye tunayemhofia zaidi, kwani hudhani ameacha nusu. Hakuacha. Gesi ya sigara bado yamfikia mtoto, na nikotini ya vepu imeongezwa juu yake. Amekusanya madhara mawili aliyoambiwa achague mojawapo.

V. Njia ya kutoka

Mambo haya tumeyakusanya kwa ufupi ili yashikike.

Kwanza, mwambie muuguzi katika kliniki ya waja wazito siku ya kwanza uendayo. Sema kila unachotumia: sigara, shisha, vepu, ugoro, tumbaku ya tambuu. Siri hii haimlindi mtu ila tumbaku.

Pili, weka siku, na iwe karibu. Wako wasemao kuwa kuacha ghafla humshtua mtoto. Si kweli. Kinachomuumiza mtoto ni kuendelea. Mama ndiye atakayepata taabu: hasira, kukosa usingizi, moyo kutamani. Taabu hiyo hukaza katika siku za mwanzo, kisha hulegea kwa muda wa wiki chache. Na kila tamaa ijapo hudumu dakika chache tu. Mshughulishe ulimi na mikono. Kunywa maji, tafuna punje ya iliki, tembea, ongea na mtu, mpaka ipite.

Tatu, usitosheke na kupunguza. Apunguzaye sigara kutoka 10 hadi 5 huvuta kila moja kwa nguvu zaidi na kuimaliza mpaka mwisho, mwili ukitafuta nikotini yake uliyoizoea. Kupunguza ni kheri kama ni ngazi ya kushukia. Si kheri kama ni mahali pa kukaa.

Nne, ondoa vyombo. Vibiriti, visahani vya majivu, kichwa cha shisha, chupa za vepu, vyote vitoke nyumbani. Na yale mabaraza yanayokwenda na moshi, uyaepuke kwa muda.

Tano, habari ya dawa. Vibandiko vya nikotini hutumiwa kwa shauri la daktari, wala si kila mja mzito apewaye. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2012 juu ya wanawake 1,050 ulikuta kuwa walioacha mpaka kuzaa ni asilimia 9.4 kwa waliopewa vibandiko, na 7.6 kwa waliopewa vibandiko vitupu. Yaani faida ilikuwa ndogo. Wengi hawakuvitumia mpaka mwisho, na tena mwili wa mja mzito huiondosha nikotini upesi kuliko miili mingine. Ama vidonge vya bupropioni na varenikilini, Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2013 halikuvikubali kwa waja wazito. Basi mtu asijinunulie dawa dukani kwa kusikia.

Sita, ukianguka, simama. Aliyevuta sigara moja baada ya wiki mbili za kuacha hakurudi mwanzo wa safari, amejikwaa njiani. Wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja.

VI. Neno kwa waume na jamaa

Mjini Glasgow, Uskoti, ulifanywa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015. Waja wazito 612 walipewa msaada wa kawaida wa kuacha sigara, na nusu yao wakaahidiwa, juu ya msaada huo, hati za kununulia bidhaa za thamani ya mpaka pauni 400 wakiacha. Walioahidiwa waliacha asilimia 22.5, wasioahidiwa waliacha asilimia 8.6. Wala hakuna kibandiko wala vepu katika hesabu tulizozitaja iliyofika hapo.

Sisi hatuna hati za Glasgow, lakini tuna fahamu. Mwanamke aliyeonyeshwa kuwa jitihada yake ina thamani, alifanya mara mbili na zaidi ya aliyeachwa na nafsi yake. Basi mume na ahesabu fedha ziendazo katika tumbaku ya nyumba ile, yake na ya mkewe, aziweke upande kila siku, na mke azione zikikua, ziwe za nguo za mtoto na haja za uzazi. Gharama yake ni ile ile iliyokuwa ikigeuka majivu.

Na mume avutaye, hapa neno letu ni lake khasa. Moshi unaotoka kinywani mwako na ule unaotoka katika ncha ya sigara yako humfikia mkeo, na kwa mkeo humfikia mwanao. Dirisha lililo wazi halitoshi. Na utamwambiaje aache, na pakiti yako iko juu ya meza? Nyumba ambayo mume huvuta, mke huona shida maradufu kuacha, na akiacha hurejea upesi. Ukiweza, acheni siku moja, wewe na yeye. Usipoweza, basi angalau moshi wako usiingie katika nyumba hiyo. Na ikiwa wewe ndiwe uliyemzoesha shisha, wewe ndiwe wa kwanza kumtoa.

Nanyi mama wakwe, shangazi na mawifi: msimwaibishe. Mwanamke aliyeitwa majina mabaya hajapata kuacha kwa majina hayo; amejifunza kujificha tu, akavuta chooni mlango umefungwa, na mtoto tumboni hapumui vizuri zaidi kwa kuwa mlango umefungwa. Aliye na tumbaku katika kisanduku chake cha tambuu asimkaribishe.

Na mtoto akizaliwa, msidhani kazi imekwisha. Wengi walioacha kwa ajili ya mimba hurudia katika miezi ifuatayo, kwani hudhani waliacha kwa ajili ya tumbo, na tumbo limeondoka. Mtoto alalaye katika nyumba ya moshi yuko karibu zaidi na kile kifo cha ghafla tulichokitaja. Nikotini hupita pia katika maziwa. Lakini mama aliyerudia asimkatishe mtoto ziwa kwa sababu hiyo. Amnyonyeshe, na aitupe sigara. Na vichupa vya vepu visiachwe mtoto atambaaye anapoweza kuvifikia: vina rangi nzuri na harufu ya matunda, na kiasi kidogo cha kimiminiko chake kikimezwa chaweza kumuua mtoto.

Muhtasari wa darasa

Asiyevuta asianze, si kwa moshi wala kwa mvuke. Avutaye na aache vyote, na kila siku aliyoiwahi ni faida kwa mtoto. Aliyeshindwa baada ya kusaidiwa, na mbele yake hakuna ila sigara au vepu, vepu peke yake ni dhara dogo kuliko sigara, wala si usalama. Na aifanye njia ya kupitia kwa shauri la daktari. Mwenye kuchanganya vyote hakupata nafuu. Mume ni mshirika katika dhara, basi na awe mshirika katika kuacha.

Kila nyumba isomayo sahifa hii ina mja mzito, au itakuwa naye. Msomeeni. Na kama yuko miongoni mwenu aliye na siri ya namna hii, ajue kuwa hatukuandika ili tumfichue; tumeandika ili ajue kuwa mlango haujafungwa, na kwamba siku ya leo ni bora kuliko ya kesho. Na kuwafikishwa ni kwa Mwenyezi Mungu.